Je, Kukopesheka Ndiko Kuaminika?

Liko neno moja ambalo wazee wetu hawakulitumia, na leo lasikika kila mahali: sokoni Masasi, kwenye maghala ya korosho Newala, na hata nje ya kanisa watu wanapoagana baada ya ibada. Neno lenyewe ni "kukopesheka". Mtu husifiwa kwamba anakopesheka, na mwenzake husemwa kwamba hakopesheki. Na kwa jinsi maneno hayo yanavyotamkwa, mgeni angedhani yanazungumzwa mambo ya tabia njema na tabia mbaya. Katika makala haya twataka kuliangalia swali moja. Je, kukopesheka ni kitu kimoja na kuaminika? Na kama si kitu kimoja, je, yafaa mtu akope fedha asizozihitaji, tena azilipie riba kubwa, kwa kusudi tu la kukopesheka zaidi kesho?

Swali hili si la wataalamu wa mabenki peke yao. Ni la kila mwenye simu ya mkononi. M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania mwaka 2008, kazi yake ilikuwa kutuma na kupokea fedha. Mwaka 2014 ikaja M-Pawa, na baadaye huduma nyingine za namna hiyo katika makampuni mbalimbali ya simu, ambazo zinamwezesha mtu kukopa akiwa amekaa barazani kwake. Haulizwi hati ya shamba, wala barua ya mwajiri, wala mdhamini. Simu yenyewe ndiyo inayomtazama: ametuma kiasi gani, amepokea kiasi gani, ameweka akiba gani, na mkopo wa kwanza aliulipa lini. Kisha humpa kiwango. Anayeanza hupewa kidogo, na akilipa kwa wakati kiwango chake hupandishwa.

Kutokana na utaratibu huo limezuka shauri ambalo watu wanapeana kwa nia njema kabisa. Wanaambiana hivi: "Usingoje mpaka upate shida. Kopa sasa, hata kama huna haja. Ziache fedha zikae humo humo, kisha rudisha kabla ya siku kufika. Ukifanya hivyo mara kadhaa kiwango kitapanda, na siku ya shida utakuwa na pa kushika." Shauri hili halikuzaliwa kwetu. Huko Marekani watu wamekuwa wakipeana shauri kama hilo kwa miaka mingi kuhusu kadi za benki za kukopea: chukua kadi, hata kama riba yake ni kali, itumie kidogo kidogo, ulipe, ili jina lako lipande na mpaka wa deni lako uongezwe.

Haki ya wenye shauri hili

Tusiwe wepesi kuwalaumu ndugu hawa. Wana hoja yao, na ni hoja ya kweli.

Mkulima wa Uwanda wa Makonde anaweza kuwa na mikorosho mia mbili aliyoirithi kwa mjomba wake, na kila mtu kijijini akajua mipaka yake, lakini asiwe na karatasi hata moja ya kuonyesha mahali pengine. Mama anayekaanga mihogo stendi anaweza kuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na mitano bila kudhulumu mtu, lakini hana hati ya mshahara. Akienda benki ni kama mtu aliyezaliwa jana. Simu ndiyo mahali pa kwanza ambapo yameandikwa maneno mawili juu yake: huyu alikopa, huyu akalipa. Si ajabu akitaka maandishi hayo yaongezeke.

Tena kuna usiku ambao kila mzazi anaufahamu. Mtoto anashikwa na homa, gari la kumpeleka Ndanda au Mkomaindo linataka fedha taslimu, na majirani wote hawana kitu kwa sababu mnada wa korosho bado. Usiku huo mwenye kiwango kikubwa katika simu huondoka, na asiye nacho hungoja mapambazuko. Kujiandaa kwa usiku kama huo si tamaa. Ni busara ya mzazi.

Basi hatusemi kwamba kukopa ni dhambi, wala kwamba anayetaka kukopesheka ni mpumbavu. Twauliza kama njia hii yampeleka anakotaka kwenda.

Hesabu kwanza

Tuanze na hesabu, kwa maana mambo mengi ya dhamiri hueleweka vizuri zaidi hesabu zikishapigwa. Kwa mfano ulio karibu, M-Shwari ya Kenya ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Yaonekana ndogo. Lakini mtu anayekopa mwezi hadi mwezi hulipa mara 12 kwa mwaka, nayo ni asilimia 90. Mkopo wa shilingi 10,000 uliozungushwa mwaka mzima hugharimu shilingi 9,000, na zile 10,000 zenyewe bado ni za kurudisha.

Sasa tuseme, kwa urahisi wa kuhesabu, kwamba ada ni shilingi 10 kwa kila 100. Mama wetu wa stendi anaanza na kiwango cha shilingi 20,000. Anakopa bila haja, anaziacha, anarudisha 22,000. Kiwango kinapanda hadi 30,000. Anakopa, anarudisha 33,000. Anaendelea hivyo kwa 40,000, kwa 50,000, kwa 60,000 na kwa 70,000. Mwishowe simu inampongeza: sasa anaweza kukopa 80,000. Amelipa ada za shilingi 2,000 na 3,000 na 4,000 na 5,000 na 6,000 na 7,000. Jumla ni shilingi 27,000.

Tutazame alichonunua kwa shilingi 27,000. Hakununua shilingi 80,000. Amenunua ruhusa ya kuziomba, na siku atakapoziomba atazilipia tena 8,000. Lakini kama angaliziweka zile 27,000 katika kisanduku cha kikundi chake, angalikuwa na theluthi moja ya fedha hizo, mali yake mwenyewe, bila siku ya kudaiwa.

Hapa pana tofauti kubwa kati ya kadi za Marekani na mikopo ya simu zetu, na wanaochukua shauri la huko na kulileta huku aghalabu hawaioni. Kwa kawaida mwenye kadi kule, akinunua vitu na kulipa deni lote kabla ya siku iliyowekwa, hatozwi riba hata senti moja. Anaweza kujenga jina lake bure kama ana nidhamu. Huku kwetu, mikopo mingi ya simu hukatwa ada mara unapoichukua, hata ukirudisha kesho yake asubuhi. Nidhamu yako haikuokoi na ada. Kwa hiyo shauri ambalo kule laweza kuwa la busara, huku huwa ni kutoa fedha bure.

Mwezi wa simu na mwaka wa korosho

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Kusini kuliko watu wa mjini. Simu inahesabu siku 30. Korosho inahesabu mwaka. Mkulima hupalilia, hupulizia salfa mikorosho inapoanza kuchanua, huokota, hupeleka ghalani kwenye chama chake cha msingi, kisha hungoja minada ya TANECU au MAMCU inayoanza karibu na mwezi wa Oktoba. Fedha yake huja mara moja. Akikopa mwezi wa Februari kwa simu, siku ya kulipa itafika mwezi wa Machi, wakati hata maua ya korosho hayajaonekana. Atalipa kwa nini? Mara nyingi atalipa kwa kukopa penginepo.

Mwaka 2018 shirika la CGAP, lenye makao yake katika Benki ya Dunia, lilitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wakopaji wa simu katika Kenya na Tanzania. Kwa Tanzania, asilimia 56 ya waliokopa walisema wamewahi kuchelewa kulipa, na asilimia 31 walisema wamewahi kushindwa kulipa kabisa. Haiwezekani kwamba theluthi ya watu wetu ni wezi. Yaelekea zaidi kwamba wengi wao walipewa siku ambayo haikulingana na riziki yao.

Na mkopo wa namna hii tulikuwa nao kabla simu hazijafika. Jina lake ni kangomba. Mwenye njaa katika miezi ya mvua, chakula cha zamani kimekwisha na mahindi mapya bado, humwendea mwenye fedha. Naye humpa kidogo, kwa ahadi ya korosho za msimu ujao kwa bei ya chini sana. Serikali imeukataza mtindo huo. Katika msimu wa mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi wakulima wahakikiwe kwanza, ili ijulikane nani ana mikorosho na nani ana magunia ya kangomba. Lakini wanaokaa vijijini wanajua jambo moja ambalo sheria haiwezi kulifuta. Mwenye kangomba hamchukii mlipaji mzuri. Humpenda sana. Mwaka unaofuata humfuata nyumbani yeye mwenyewe, na kumwongezea.

Kiwango kinapima nini?

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo letu. Simu inapokupandishia kiwango, inakusifia nini?

Mfikirie mzee wa miaka sabini ambaye hajawahi kudaiwa na mtu. Ameweka ahadi zake zote. Watu humwachia mali zao wanaposafiri, na wanapogombania mpaka wa shamba humwita yeye. Kwa hesabu ya simu, mzee huyu ni sifuri, hakopesheki. Kisha mfikirie kijana anayekopa huku ili alipe kule, akikimbizana na tarehe, akimficha mkewe. Kwa muda wa miezi kadhaa kijana huyu ataonekana hodari. Kiwango chake kitapanda, naye atapokea ujumbe wa pongezi. Kama kukopesheka kungekuwa ndiko kuaminika, ingetupasa kumwachia kijana yule ufunguo wa sanduku la sadaka na kumnyima mzee.

Kwa kweli mkopeshaji wa riba kubwa hakuulizi kama wewe ni mtu mwema. Anauliza kama utamletea faida. Mtu asiye na haja ya mkopo hamletei faida. Mtu asiyelipa humletea hasara. Anayempendeza ni yule aliye katika deni daima na anayelipa daima. Kiwango ni kipimo cha mtu huyo. Hatusemi hivyo kwa kuwatukana wenye makampuni. Biashara yao ndivyo ilivyo, na hawakuificha. Twasema ili tusichukue kipimo cha biashara na kukifanya kipimo cha utu wetu.

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na neno zuri, na bado linatumika: mali kauli. Mtu alichukua bidhaa kwa neno lake tu, akaenda kuziuza, kisha akaleta fedha. Huo nao ulikuwa mkopo. Lakini aliyetoa mali alimjua aliyechukua: alimjua mjomba wake, aliijua njia anayopita, alijua kama mvua imeharibu barabara na ni haki kumngoja wiki mbili. Kauli ile ilijengwa kwa miaka ya kusema kweli katika mambo yasiyohusu fedha. Haikununuliwa kwa ada. Na mtu alipoanguka, kuna aliyejua kwamba ameanguka. Simu haijui kwamba umefiwa.

Tena lipo jambo ambalo kiwango humfanyia mwenye nacho bila yeye kujua. Aliyepewa ruhusa ya shilingi 80,000 huanza, kidogo kidogo, kuzihesabu kama zake. Anapokwenda sokoni akili yake imekwisha kuzitia mfukoni. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mtindo huu wa kukopa bila haja, hata ile harusi haipo. Mtu anaruka ngoma na kwenda moja kwa moja kwenye matanga.

Deni na uhuru wa mtu

Kanisa letu katika nchi hii lina sababu ya pekee ya kuliangalia deni kwa makini. Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Unguja watu waliokombolewa katika utumwa. Katika karne ile, sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtu aliweza kuwekwa rehani kwa deni la jamaa yake, hasa wakati wa njaa. Na deni lisipolipwa, rehani iligeuka kuwa utumwa. Hatusemi kwamba mkopo wa simu ni utumwa. Twakumbusha tu kwamba waliotutangulia hapa walijua deni laweza kumgusa mtu mwenyewe, si mfuko wake tu.

Torati ililijua jambo hilo pia. Ilikataza kumtoza riba ndugu aliye maskini, na ilikataza kuchukua rehani ya jiwe la kusagia, kwa kuwa kuchukua jiwe hilo ni kuchukua uhai wa nyumba. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 5, tunawasoma watu waliolia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na kwamba watoto wao wanaingia utumwani. Na Nehemia akawakemea wakubwa waliowakopesha, akawataka warudishe. Siku hizi tumeona wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la "kausha damu" wakibeba sufuria, magodoro na televisheni za akina mama walioshindwa marejesho ya wiki. Tumeona pia programu za simu ambazo mdaiwa akichelewa huwatumia ujumbe ndugu na rafiki zake ili kumwaibisha. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Sufuria ya leo ndiyo jiwe la kusagia la zamani.

Tufanye nini basi?

Tunayashauri haya, na kila msomaji ayapime kwa hali yake.

Kwanza, tusikope kwa ajili ya kuonekana. Mtu akope kwa haja iliyopo, iliyo na jina: mbegu, salfa, ada ya shule, matibabu. Mkopo usio na haja ni ada bila huduma.

Pili, anayekopa kwa haja atazame siku ya riziki yake kabla ya kutazama siku ya mkopeshaji. Kama fedha yako huja Novemba, mkopo wa siku 30 uliochukuliwa Aprili si msaada. Na kabla ya kubonyeza, ada ihesabiwe kwa shilingi kamili, si kwa asilimia.

Tatu, kama lengo ni kujulikana, tujulikane kwa akiba. Huduma nyingi za simu huitazama akiba na matumizi ya kawaida, si marejesho peke yake, wakati wa kupanga kiwango. Na akiba haikutozi riba. Vivyo hivyo hisa katika VICOBA au SACCOS hutupatia jina, na riba inayolipwa humo hurudi kwa wanachama wenyewe. Humo anayekopesha na anayekopa hukaa kwenye mkeka mmoja.

Nne, mume na mke waambiane. Deni linaloanza kwa siri katika simu ya mmoja huishia kuwa la nyumba nzima.

Tano, na hili ni letu sote kama Kanisa. Tumesema juu ya usiku wa mtoto mwenye homa. Kwa nini usiku huo mzazi huigeukia simu kabla ya kumgeukia Mkristo mwenzake? Mara nyingi ni kwa sababu simu haimwulizi mengi, wala haitasimulia habari zake kisimani kesho. Umoja wa Akina Mama na halmashauri za parokia zetu zingeweza kuanzisha mfuko mdogo wa dharura, unaojazwa wakati wa msimu wa korosho tunapokuwa na fedha, na kutumika katika miezi ya ukata. Bila riba, kwa siri, na kwa kurudisha baada ya mavuno. Kiasi chake hakihitaji kuwa kikubwa. Nauli ya kufika Ndanda si fedha nyingi zikichangwa na watu arobaini.

Mfuko wa namna hiyo ungetulazimisha kujifunza upya kazi ambayo tumeanza kuiachia mashine: kumjua jirani, kumwamini kwa sababu tunamjua, na kumngoja anapochelewa kwa sababu tunajua kilichomchelewesha. Tunaomba suala hili liwekwe katika ajenda za mikutano ya parokia kabla ya minada ya msimu huu kufunguliwa, wakati fedha bado haijafika mikononi na bado tunaweza kuamua iende wapi.